Sailensi ya injini baridi: kwa nini gari hutetemeka na kuzima asubuhi

Sailensi ni ule mwendo ambao injini huunguruma yenyewe bila mguu kugusa pedeli ya mafuta. Injini nyingi za petroli zikishapata moto hukaa kwenye mizunguko 600 hadi 900 kwa dakika. Zikiwa baridi hupanda kidogo, mara nyingi hadi 1,100 au 1,500, kisha hushuka taratibu kadiri maji ya rejeta yanavyopata joto. Kwa hiyo gari linalounguruma kwa juu dakika moja au mbili za asubuhi si bovu. Bovu ni lile ambalo mshale wake wa mizunguko unapanda na kushuka, injini inamisi (silinda inakosa kuwaka), usukani unatetemeka au linazima kabisa, kisha likipata moto linatulia kama vile halikuwa na neno.

Petroli haiwaki vizuri ikiwa majimaji. Lazima igeuke mvuke. Chuma kikiwa baridi, sehemu ya mafuta hunata kwenye kuta za njia ya hewa na kwenye valvu, na kinachofika ndani ya silinda huwa pungufu. Injini ya moto huhitaji hewa yenye uzito wa mara 14.7 ya petroli. Ya baridi hutaka mafuta zaidi ya hapo. Zamani kazi hiyo ilifanywa na choki ya kabureta. Siku hizi kompyuta hurefusha muda wa nozeli, zinazonyunyiza mafuta, kufunguka, ikitegemea sensa ya joto la maji. Ugumu ni kwamba sensa ya oksijeni, ambayo ndiyo hurekebisha makosa ya mchanganyiko, haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi mia kadhaa. Kabla ya hapo kompyuta inakadiria tu. Kasoro ndogo ambayo mchana husahihishwa kimyakimya, asubuhi haina wa kuisahihisha.

Ndiyo maana kumpelekea fundi gari lililokwisha kupata moto ni kupoteza muda wa wote wawili. Gari lilale usiku kucha, na vipimo vifanywe kabla ya kuliwasha, kwa sababu nafasi ni moja tu kwa siku. Anza na mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizo kwenye kompyuta ya gari: fungua swichi bila kuwasha, utazame joto la maji na joto la hewa inayoingia. Baada ya kulala, namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane sana. Maji yakisomeka nyuzi 70 wakati injini ni baridi, sensa inadanganya, kompyuta inanyima mafuta, na gari litawaka na kuzima. Ikisoma baridi kupita kiasi, mafuta yatazidi na plagi zitatoka nyeusi, zimelowa. Ukiwa na mita ya umeme, sensa nyingi za aina hii huonyesha omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80.

Sasa washa, na uangalie linazima vipi. Likizima baada ya sekunde moja au mbili kila mara, hata likiwa la moto, shuku ulinzi wa ufunguo (immobilizer, unaozima injini usipoutambua ufunguo) kabla ya kugusa kitu kingine. Likichelewa kuwaka, fungua swichi sekunde tatu, funga, rudia mara mbili tatu, ndipo upige stati. Likiwaka kirahisi, presha ya mafuta inavuja usiku: ama valvu ya pampu haizuii mafuta kurudi kwenye tangi, ama nozeli inadondosha. Likiendelea kuunguruma tu pale unapokanyaga pedeli kidogo, tatizo liko kwenye hewa ya sailensi, na mara nyingi ni masizi kuzunguka kisahani cha throto (mlango wa hewa ya injini) au valvu ya sailensi iliyoganda. Lakini likikohoa na kutaka kufa unapokanyaga, linakosa mafuta.

Hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye mwanya bila kupimwa na sensa ya hewa, ndiyo inayowasumbua mafundi wengi, kwa kuwa mpira uliokakamaa huacha mwanya ukiwa baridi na kuuziba ukipata joto. Kagua mpira mkubwa kati ya sensa ya hewa na throto, hasa kwenye mikunjo, vijipaipu vya vakyumu, na gasketi ya manifoldi. Nyunyizia maji kidogo sehemu unayoishuku, mbali na koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) na waya. Mlio wa injini ukibadilika, umepata. Kwenye mashine, marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta inaongeza) yakizidi asilimia 10 kwenye sailensi na kurudi karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, ni hewa ya wizi. Yakizidi kadiri mizunguko inavyopanda, tazama pampu na filta. Kodi P0171, inayosema mafuta ni pungufu kwenye mchanganyiko, huja na hali zote mbili, hivyo usinunue sensa ya oksijeni kwa sababu yake tu.

Kodi P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi kwenye injini ya silinda nne. Hamisha koili ya silinda hiyo uipeleke nyingine: kodi ikihama nayo, koili imekufa. Isipohama, fanya hivyo hivyo kwa plagi, kisha nozeli.

Ukisafisha throto ya umeme, usisukume kisahani kwa kidole swichi ikiwa wazi. Sailensi inaweza kupanda baadaye mpaka kompyuta ijifunze upya; magari mengine hutaka hatua maalumu za mashine.

Silinda moja ikimisi dakika ya kwanza tu, ekzosi ikatoa moshi mweupe wenye harufu tamu na maji ya rejeta yakapungua bila tone chini, gasketi ya silinda hedi inapitisha maji usiku. Hapo pima kompresheni na presha ya rejeta, na usiliendeshe gari mpaka ijulikane.