Kabla Hujanunua Betri Mpya ya Gari: Dhana Potofu na Ukweli

Gari likigoma kuwaka asubuhi, hukumu hutolewa papo hapo: betri imekufa, ikanunuliwe nyingine. Nimeshuhudia betri nzima zikitupwa kwa hukumu ya namna hiyo, na mpya zilizowekwa mahali pake zikafa baada ya wiki chache, kwa kuwa kasoro haikuwa kwenye betri tangu mwanzo.

Dhana: Gari lisipowaka, betri imekwisha.

Betri iliyoishiwa chaji na betri iliyochakaa ni mambo mawili tofauti, na mita ndogo ya volti hukusaidia kuanza kuyatenganisha. Betri ya kawaida ya risasi na tindikali ina seli 6, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, hivyo ikiwa imejaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo; ikisoma 12.2, imebakiwa na kama nusu ya chaji yake. Washa injini upime tena. Katika magari mengi kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.5, na kisipopanda kabisa, ipo sababu ya kuishuku alteneta (mashine inayochaji betri injini inapozunguka) au nyaya zake, hitilafu ambayo betri mpya haiwezi kuiponya.

Hata hivyo, volti 12.6 peke yake hazithibitishi uzima. Betri chakavu huweza kusoma vizuri ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka chini ya volti 9.6 mara tu starta inapoanza kuzungusha injini. Ndiyo maana fundi makini huichaji kwanza, halafu huipima ikiwa imebebeshwa mzigo wa umeme. Tena, kabla ya vipimo vyote hivyo, fungua boneti utazame vichwa vya betri, yaani zile ncha mbili zinazofungwa nyaya. Ukikuta unga mweupe unaoelekea kijani umejikusanya kichwani, na kibanio cha waya kinazunguka ukikigusa kwa vidole, basi umeme unazuiwa njiani. Nimeona gari lililokuwa likitoa mlio wa “tik, tik” tu likiwaka mara moja baada ya vichwa kusuguliwa kwa brashi ya waya na vibanio kukazwa.

Dhana: Baridi ndiyo inayoua betri.

Baridi hufichua udhaifu, lakini mara nyingi joto ndilo lililouleta. Joto kali huharakisha kutu kwenye bamba za risasi na kukausha maji. Baridi inapoingia, mafuta ya injini huwa mazito na betri hutoa nguvu pungufu, kwa hiyo betri iliyodhoofika wakati wa joto huanguka wakati huo, na lawama zote zikaiendea baridi.

Dhana: Betri yenye amperi nyingi zaidi itaunguza starta.

Starta huvuta kiasi cha umeme inachohitaji, si zaidi, kwa hiyo betri yenye uwezo mkubwa kidogo haiiunguzi. Kosa ninaloliona zaidi ni la kununua kwa kutazama namba moja tu. Namba ya Ah (amperi-saa) hueleza akiba ya umeme, ilhali CCA (kifupi cha Kiingereza cha “amperi za kuwasha kwenye baridi”) hueleza nguvu ya kuwasha: ni amperi ambazo betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika nyuzi 18 chini ya sifuri, bila kushuka chini ya volti 7.2. CCA isipungue ile iliyotajwa na mtengenezaji wa gari. Kisha betri ienee kwenye kitako chake na kufungwa imara, kwa sababu mtikisiko huvunjavunja bamba za ndani, na ncha chanya iwe upande ule ule wa zamani ili waya ufike bila kuvutwa. Gari linalojizima lenyewe kwenye foleni na kujiwasha tena, ikiwa lilitoka kiwandani na betri ya AGM (ambayo tindikali yake imefyonzwa na mikeka ya nyuzi za kioo), lirudishiwe AGM. Ya kawaida haistahimili kazi hiyo kwa muda mrefu.

Dhana: Betri ikipungua maji, iongezwe tindikali.

Dhana hii huchochewa na jina lenyewe, maana watu huita “maji ya betri” tindikali na maji yaliyokenekwa (yaliyoondolewa madini kwa kuvukizwa) bila kutofautisha. Kinachopungua kwa matumizi ni maji. Tindikali hubaki ndani. Kuongeza tindikali hukoleza mchanganyiko na kuzila bamba, na maji ya bomba nayo huingiza madini yasiyotakiwa. Kwa betri zenye vifuniko vya kufunguliwa, ongeza maji yaliyokenekwa pekee.

Dhana: Kuipima alteneta, chomoa betri injini ikiwa inanguruma.

Usifanye hivyo kamwe. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari, na ukiichomoa ghafla volti zinaweza kuruka juu na kuharibu kompyuta ya gari. Betri huondolewa injini ikiwa imezimwa, ukianza na ncha hasi. Bodi ya gari imeunganishwa na ncha hiyo, hivyo ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche kubwa hutokea karibu na betri ambayo huenda inatoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi humalizia.