“Hesabu Zimemkataa, Mtafutie Sayansi za Jamii”

“Mwalimu, huyu hesabu zilimkataa tangu kidato cha pili. Mtafutie hizo za jamii, kwenye vile vyuo vidogo vya Marekani.” Maneno haya nimeyasikia Chumbageni, nimeyasikia Ngamiani, nimeyasikia hata msibani, mtu kanivuta pembeni kabla maji ya kunawa hayajapita. Kazi yangu hapa Tanga ni kuwashauri vijana wa kidato cha sita wanaoomba vyuo vya nje, na kumjibu kila mzazi peke yake kumenichosha, basi nawajibu wote hapa.

La kwanza, sayansi za jamii si kimbilio la waliokimbia hesabu. Anayetaka uchumi kwenye vyuo hivyo hupitia kalkulasi, takwimu, mikro (uchumi wa mtu na biashara), makro (uchumi wa nchi) na ekonometriksi, yaani takwimu za kupimia uchumi, kabla hajafika semina za mwaka wa mwisho. Saikolojia karibu kila mahali ina somo la lazima la takwimu, na maabara juu yake. Sosholojia na siasa zina mbinu za utafiti, na huko utakaa na R au Stata, programu za kompyuta za takwimu, mpaka macho yaume. Anthropolojia ina namba chache, sawa, lakini huruhusiwi kwenda kumhoji mtu kwa utafiti mpaka kamati ya maadili ipitishe maswali yako.

Chukua swali la hapa hapa pwani kwetu: mama anayelima mwani anapata kiasi gani kwa mwezi? Kijana anashika daftari, anakwenda wiki ya maji mafu, bahari isipokupwa mbali, anauliza “wiki hii umefanya kazi siku ngapi”, anazidisha kwa nne. Kajidanganya. Mwani hushughulikiwa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na kina mama wakazifikia kamba zao. Basi aende bamvua? Akizidisha kwa nne atakosea tena, safari hii kwa kuzidisha mno. Tuseme kalielewa hilo, kapanga siku zake vizuri. Bado aliowakuta majini ni wale walioendelea. Waliokata tamaa mwani wao wa aina ya cottonii ulipowafia kwa joto la maji wako majumbani wanakaanga bagia, hakuna aliyewauliza. Halafu kuna mama mmoja mwenye kamba nyingi kuliko wenzake wote. Akiingizwa kwenye hesabu, wastani unapanda na kijiji kizima kinaonekana kimetajirika. Na usisahau kwamba yule mama hakujui. Akikudhania afisa wa kodi atakupa jibu la afisa wa kodi.

Hiyo ndiyo kozi yenyewe. Kuna hesabu, kuna historia ya kijiji, kuna adabu ya kuuliza, vyote katika swali moja. Aliyekimbia hesabu atakwama, na aliyekariri notisi za historia kwa ajili ya mtihani tu naye atakwama.

Hata serikali ya Marekani inalitambua hilo kwa namna yake. Mwanafunzi wa kigeni akihitimu anaweza kuomba miezi 12 ya kazi ya mafunzo. Kama shahada yake imesajiliwa kama ekonometriksi na uchumi wa kitakwimu, inahesabiwa pamoja na fani za sayansi na teknolojia, na anaweza kuomba miezi 24 zaidi. Wa sosholojia ya kawaida hana nyongeza hiyo. Hayo wazazi hawaniulizi, wanauliza tu kama kuna hesabu.

Kwa hiyo wa HGE (historia, jiografia, uchumi), acheni kuidharau BAM, lile somo la hesabu za msingi. Wa HGL na HKL, wa historia na lugha, ambao hamkuisoma, shikeni kitabu cha takwimu mnaposubiri matokeo. Kwangu hakuna wa HGL anayeanza insha ya maombi kabla hajanieleza, kwa bei za samaki za siku moja pale sokoni Deep Sea, wastani ni upi na namba ya kati ni ipi, na kwa nini hazilingani. Wananung'unika. Wanung'unike tu.

La pili, eti chuo chenye wanafunzi elfu mbili ni hafifu. Kofi Annan alisoma uchumi Macalester, Minnesota, akahitimu 1961. Nkrumah alipata shahada ya uchumi na sosholojia Lincoln, Pennsylvania, 1939. Vingi vya vyuo hivi havina wanafunzi wa uzamili, au wapo wachache tu, kwa hiyo profesa akihitaji msaidizi wa utafiti anamchukua wa shahada ya kwanza. Ugumu wake uko kwingine: hakuna pa kujificha. Chuo cha Williams kina masomo ambayo wanafunzi wawili tu wanakaa na profesa, huyu anasoma insha yake, yule anaichambua. Kwetu mtoto amelelewa asimbishie mkubwa. Kule kubisha kwa hoja ndiyo kazi aliyopewa.

La tatu, kwamba vyuo hivi vinakusomesha fani nyingi kwa pamoja, kwa hiyo unatoka hujui lolote. Si kweli. Fani kuu unaitangaza kwa kawaida mwishoni mwa mwaka wa pili, na baada ya hapo unaichimba.

Pesa. Bei iliyotangazwa kwenye vile vyenye majina inapita dola 80,000 kwa mwaka, na mzazi akiiona anafunga simu. Lakini msaada hutolewa kwa kuangalia kipato cha familia. Amherst na Bowdoin hawaangalii uwezo wa kulipa wanapochagua, hata kwa wageni. Vingi vingine vinaangalia, tusidanganyane. Berea, Kentucky, hakitozi ada ya masomo kabisa, ila kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni. Baba mvuvi asiye na karatasi ya mshahara aandike kipato chake kilivyo, bamvua na maji mafu, basi. Wapo wanaokopa ili akaunti inone wiki moja kabla ya kuchapisha taarifa ya benki. Unaomba msaada huku unaonyesha huuhitaji! Na hata ukipata udhamini, uliza kama unagusa tiketi, viza na ile ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ya dola 350, maana mara nyingi haugusi.

Kuhusu shahada kutambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania: shahada ya chuo chenye ithibati inaombewa utambuzi kama ya chuo kingine chochote cha nje.

Mwisho, “tusubiri matokeo kwanza.” Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai. Vyuo vingi vinafunga maombi mapema Januari kwa ajili ya wanaoanza Agosti au Septemba ya mwaka huo huo. Anayetaka kwenda mwaka anaomaliza shule anaomba akiwa bado darasani, kwa makadirio ya walimu wake. Aliyesubiri Julai anaomba kwa ajili ya mwaka unaofuata, na mwalimu wa kumwandikia barua amtafute sasa, kabla hajahamishiwa Lindi.