Sifa mbaya za kuazima: dhana potofu kuhusu dizeli ya silinda sita ya BMW

Kijiweni ukitaja dizeli ya BMW ya lita 3, utapata majibu mawili. Mmoja atakwambia hiyo ni injini ya kurithisha watoto, haifunguliwi. Mwingine atakwambia kimbia, cheni itakukatikia hata ushuru hujamaliza kuusahau. Wote wawili wanaongea kwa uhakika, na ukiwauliza wanazungumzia injini ipi hasa, wanatazamana.

“Lita 3 ni lita 3”

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Tangu 2002 ujazo wa dizeli hizi ni ule ule, cc 2,993: silinda ina kipenyo cha milimita 84 na pistoni inasafiri milimita 90. Lakini nyuma ya namba hiyo kuna injini tatu. M57 ilitoka 1998 ikiwa na cc 2,926, ndipo baadaye ikaongezwa ujazo. N57 ikaja 2008. B57 ikaja 2015 pamoja na 7 Series ya mwaka huo. Kwao ni Steyr, Austria, ambako BMW imekuwa ikiunda injini za dizeli tangu 1983.

Ugonjwa wa M57 unaojulikana zaidi uko kwenye manifoldi ya hewa, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda: kuna vibao vidogo vya kuzungusha hewa, na kwenye matoleo fulani kibao kiliweza kukatika na kumezwa na silinda. Pistoni ikikutana na chuma, hakuna mjadala. Mafundi wengi walivitoa na kuziba matundu kwa vifuniko, injini ikaendelea na maisha yake. Sasa mtu anachukua hadithi hiyo anaibandika kwenye B57 ya 2018, injini ya vizazi viwili mbele. Kabla ya kuogopa, au kununua, soma namba ya injini. Herufi ya kwanza tu inatosha kukuondolea nusu ya uvumi.

“Cheni ya hizi gari haidumu”

Uvumi huu una mzazi, na mzazi wake ni N47. Hiyo ni dizeli ya silinda nne, lita 2, iliyoingia 2007, ikawekwa kwenye 320d, 520d na nyingine nyingi. Cheni yake ya taimingi, ile inayounganisha kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na valvu ili zifunguke kwa wakati wake, ilileta malalamiko mengi, hasa kwenye zile za miaka ya mwanzo. Majina yanafanana, N47 na N57, na zote mbili cheni imewekwa nyuma, upande wa gia boksi. Basi silinda sita ikabebeshwa mzigo wa mdogo wake.

Si kwamba N57 haina hatia kabisa. Cheni yake nayo huweza kulegea na miongozo yake ya plastiki kulika, ila kisa chake hakijafikia kile cha N47. Kinachotisha ni mahali ilipo. Kwenye M57 cheni ilikuwa mbele. Kwenye N57 na B57, kuifikia maana yake ni kushusha gia boksi au kutoa injini nzima, na siku za kazi zinahesabika kwa vidole vya mikono miwili kwa fundi asiye na vifaa vyake. Spea inaweza kuwa ya bei ya kawaida, bili ikawa ya kukutoa jasho.

Ukitaka kusikiliza, sikiliza asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Usisimame mbele kama tulivyozoea kwenye Toyota. Weka sikio karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mlio wa kukwaruza, kama mnyororo wa baiskeli uliolegea, unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini, ndio wa kuuliza maswali. Mlio wa kugonga-gonga wa kawaida wa dizeli ya baridi si ugonjwa.

“Kiwandani wamesema oili ni kilomita 30,000”

Kweli, kule Ulaya kompyuta ya gari inaweza kukuruhusu kufika karibu na hapo, au miaka miwili. Kompyuta hiyo ilipangwa kwa gari jipya, mwendo wa barabara kuu na dizeli safi isiyozidi sehemu 10 za salfa kwa milioni. Kwa nchi za Afrika Mashariki kiwango kilichoanza 2015 ni sehemu 50. Ni safi mno kuliko ya zamani, lakini si ile iliyokuwa kichwani mwa mhandisi. Ongeza vumbi na foleni. Kikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili, beringi za kranki zinaelea juu ya utando wa oili, turbo inazunguka ndani ya oili. Mimi ningebadilisha kila kilomita 10,000, na sioni aibu kuitwa mwoga.

Lingine linalopuuzwa ni aina. “Weka oili yoyote ya dizeli” ni ushauri wa lori la zamani. Injini hizi zinataka oili yenye majivu kidogo, ile iliyoandikwa Longlife-04 (kiwango cha BMW) au kiwango kipya kinachokubaliwa kwa gari husika, kwa sababu majivu ya oili inayoungua yanaishia kwenye chujio la masizi na hayatoki. Masizi huungua. Majivu hubaki.

“Toboa DPF, gari lipumue”

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotelea.

DPF ni chujio kwenye ekzosi linalokamata masizi. Likijaa kiasi, kompyuta inaongeza joto la moshi hadi karibu nyuzi 600 na masizi yanaungua. Gari likitembea kwa kasi ya kutosha kwa dakika kama 20, kazi imekwisha na dereva hajui kama kulikuwa na kitu. Likizimwa katikati, zoezi linakatika, linarudiwa kesho, linakatika tena. Kila mara dizeli ya ziada inamwagwa kwenye silinda ili kupandisha joto, na kiasi chake kinateleza kuingia kwenye oili. Ndiyo maana ukiona kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka, usifurahi.

Sasa linapoziba, fundi anasema DPF ni ya Wazungu, haifai huku. Anaitoboa, anafuta programu, taa inazima. Lakini kwa nini iliziba? Mara nyingi mkosaji ni kitu kidogo kuliko ngumi: themostati.

Themostati hufungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini inapopata moto. Kwenye M57 na N57 kazi hiyo ni karibu nyuzi 88. Ikizeeka haifungi sawasawa, maji yanapita kwenye rejeta muda wote, na injini inatembea na nyuzi 68 au 70 kutwa. Mengi ya magari haya hayana mshale wa joto la maji kwenye dashibodi, kwa hiyo dereva haoni kitu. Tena kwa mtu aliyelelewa akiogopa gari kuchemsha, injini isiyopata moto ni habari njema. Kumbe kompyuta inasubiri joto lifike nyuzi sabini na kitu ndipo iruhusu kuunguza masizi. Halifiki. Masizi yanarundikana. DPF inahukumiwa kwa kosa la jirani.

Jaribio lake halihitaji mashine. Asubuhi washa gari, fungua boneti, shika hozi nene inayotoka kwenye injini kwenda juu ya rejeta, mbali na feni na mikanda. Themostati nzima huiacha hozi hiyo baridi kwa muda mrefu, kisha joto linaingia ghafla. Ikianza kupata uvuguvugu dakika za mwanzo tu, polepole, pamoja na injini, umeshapata jibu. Mwenye skana asome joto la maji gari likiwa barabarani. Hiyo ni bora zaidi.

Na ukitoboa DPF huku themostati ni mbovu? Injini inaendelea kutembea baridi na kunywa dizeli, na sasa inawatemea masizi watu wa kituo cha basi.

“BMW za dizeli huwaka moto”

Ziliwaka, si uvumi. Mwaka 2018 huko Korea Kusini magari kadhaa yaliungua, mengi yakiwa 520d za silinda nne, hadi serikali ikazuia yasiyokaguliwa kutembea barabarani. BMW iliita magari kurekebishwa, na kufikia Oktoba mwaka huo idadi duniani ilikuwa kama milioni 1.6, yakiwemo ya silinda sita. Chanzo kilichotajwa ni kuvuja kwa kipozeo cha EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini: maji ya rejeta yenye glaikoli yanachanganyika na masizi yaliyoganda, yanapata joto kali, yanashika moto na kuyeyusha manifoldi ya plastiki. Basi si kwamba “dizeli yetu ni mbaya”. Namba ya chesisi inaonyesha kama gari lilikuwa kwenye orodha na kama kazi ilifanyika. Gari linalopunguza maji bila tone kuonekana chini lisipuuzwe hata siku moja.

“Turbo nyingi ndiyo mashine yenyewe”

Dhana hii inatembea pamoja na ile ya mashangingi, kwamba heshima ni V8. Toyota yenyewe imeshaachana nayo: Land Cruiser 200 ya dizeli ya V8, lita 4.5, ilitoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 650. Land Cruiser 300 ya 2021, V6 ya lita 3.3, inatoa Nm 700. Kwa BMW, N57 ya kawaida yenye turbo moja ilianza na nguvu farasi 245. B57 ya turbo moja ilianza na 265 na Nm 620, ikapanda hadi 286 na Nm 650. M550d ya 2012 ilikuwa na turbo tatu na farasi 381. 750d ya 2016 ilikuwa na nne, farasi 400 na Nm 760, na kufikia 2020 ile ya turbo nne ikasitishwa. Raha yake siikatai. Lakini kila turbo ni mabomba, valvu na mikono ya kuendeshea, na siku ya kutengeneza utatamani ile ya gari lenye nembo ya 30d, turbo moja, iliyobaki na nafasi ya mkono wa fundi kupita.

Kuhusu injekta, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, nitasema moja tu: presha ni bar 1,800 kwenye N57 ya kawaida, na 2,500 au zaidi kwenye B57 zenye nguvu zaidi. Tairi lako lina bar mbili na kitu. Chujio la dizeli si mahali pa kubana matumizi.

“Imetembea kidogo, hiyo chukua”

Magari mengi ya aina hii yanayofika Dar na Mombasa yametoka Uingereza, na kule dashibodi husoma maili. Elfu 60 unayoiona ni kilomita 96,000 na ushee. Halafu kuna swali la maili hizo zilivyotembewa. Gari la miaka saba lenye maili 25,000 limetembea chini ya maili 4,000 kwa mwaka, safari fupi za kwenda dukani na kurudi, injini haijapata moto, DPF haijapata nafasi. Lile la maili 110,000 la mtu wa barabara kuu huenda lina injini yenye afya zaidi. Historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, pamoja na maili zilizoandikwa siku ile, inasomwa bure mtandaoni kwa namba ya usajili. Muombe muuzaji namba hiyo kabla hajaanza kukusifia rangi.