Daftari la saiti haliandikwi usiku wa kuamkia ukaguzi

Wakandarasi wengi ninaofanya nao kazi, kuanzia Mbeya mjini hadi Tukuyu na Njombe, wanaamini kwamba daftari la saiti, lile la kumbukumbu za kazi za kila siku, ni la mkaguzi: kwamba huwekwa ili mtu wa OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi), wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi au wa halmashauri akifika akute kitu mezani, na kwa hiyo si vibaya likijazwa lote kwa mkupuo usiku mmoja kabla hajaja. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuyasoma madaftari hayo baada ya mambo kuharibika. Wiki hii nimeletewa jingine la namna hiyo, na nimechoka kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja.

Daftari lenyewe ni la jengo la ghorofa upande wa Rungwe. Kurasa zote za Machi na Aprili zimeandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, bila mfuto hata mmoja. Mafundi ni wanane kila siku na saidia fundi ni kumi na wawili kila siku, Jumapili zikiwamo. Kwenye safu ya hali ya hewa limeandikwa neno "nzuri" kutoka juu hadi chini, katika wilaya ambayo Aprili yake kila mtu wa nyanda hizi anaijua. Pamoja na daftari hilo nimepewa barua ya mkandarasi huyo huyo akiomba kuongezewa muda kwa sababu mvua za Machi na Aprili zilimsimamishia kazi. Inawezekana kabisa kwamba mvua ilimsimamisha kweli, na mimi binafsi naamini hivyo, lakini shahidi wa kwanza wa upande wa pili atakuwa daftari lake mwenyewe.

Mikataba mingi mikubwa hapa kwetu hufuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, au masharti yanayofanana nayo. Katika toleo la mwaka 1999, kifungu cha 20.1 kinamtaka mkandarasi atoe taarifa ya dai ndani ya siku 28 tangu alipolijua au alipopaswa kulijua tukio, la sivyo haki ya dai inapotea, na kinamtaka pia atunze kumbukumbu za wakati huo huo. Watu wote wanazikariri siku 28, ila maneno yale ya mwisho wanayaruka, ilhali ndiyo yanayoamua mengi. Mwaka 2003 mahakama ya Visiwa vya Falkland, katika shauri lililohusu masharti ya FIDIC ya toleo la awali, iliamua kwamba kumbukumbu za namna hiyo ni nyaraka za asili zilizoandaliwa wakati wa tukio au karibu na wakati huo, na kwamba pengo la kumbukumbu haliwezi kuzibwa baadaye kwa maelezo ya mashahidi. Uamuzi huo hauifungi mahakama yetu, lakini wasuluhishi na wanasheria wa ujenzi wanaufahamu. Hata Sheria yetu ya Ushahidi ina mwelekeo huo huo, kwani inamruhusu shahidi ajikumbushe kwa maandishi aliyoyaandika mwenyewe wakati wa tukio au mara tu baada yake, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Daftari lililojazwa mwisho wa mwezi haliwezi kuitwa hivyo, na likigundulika linachafua hata kurasa chache zilizoandikwa kwa uaminifu.

Suala la mvua linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu masharti hayo hayaongelei mvua ya kawaida, bali hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida kwa mahali husika. Mkandarasi aliyesaini mkataba wa kujenga Tukuyu alipaswa kujua kwamba Tukuyu inanyesha, na mvua iliyozoeleka alitakiwa kuiweka kwenye ratiba yake tangu mwanzo. Ndiyo maana neno "mvua" peke yake halisaidii kitu. Kinachohitajika ni saa iliyoanza, saa iliyokatika, kazi iliyosimama na kazi iliyoendelea, kwa maana siku ambayo zege halikumwagwa huenda ndani mafundi walikuwa wanapiga plasta bila tatizo lolote. Takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa zitatumika kulinganisha na miaka iliyopita, lakini kituo cha karibu kinaweza kuwa upande mwingine wa mlima, na katika nyanda hizi ng'ambo ya mlima ni hali ya hewa nyingine. Nashauri saiti iwe na kipimo chake cha mvua. Hata hivyo nina wasiwasi na ushauri wangu huo, kwa sababu anayesoma kipimo ndiye anayedai, na sijaona njia ya kuondoa udhaifu huo isipokuwa msimamizi wa upande wa mteja asome pamoja naye na kusaini siku hiyo hiyo. Njombe na Makete ongezeni jotoridi la asubuhi mwezi Juni na Julai, maana zege hukomaa polepole kwenye baridi, na tarehe ya kufungua mbao bila kumbukumbu ya baridi haimwambii mtu lolote.

Imani ya pili, inayoniudhi kuliko ya kwanza, ni kwamba kibarua hana haja ya kuandikwa kwa kuwa analipwa jioni na kuondoka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya kadhaa zilizotajwa, mojawapo likiwa kwamba amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saidia fundi anayebeba ndoo za zege kuanzia asubuhi hadi jioni anazifikisha saa hizo ndani ya wiki moja. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo, katika kifungu cha 15, inasema kwamba mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi au maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Kwa hiyo kijana akifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na kusema alikubaliwa kiasi fulani kwa siku, nawe huna karatasi, ni wewe unayetakiwa kuthibitisha kwamba si kweli. Daftari la mahudhurio lenye jina kamili, kazi aliyofanya, kiasi alicholipwa na saini au dole gumba linamlinda mwajiri, na kibarua akianguka kwenye jukwaa ndilo litakalomwezesha kuthibitisha mbele ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwamba siku hiyo alikuwa kazini. Kumwandika "vibarua 12" ni kumfuta mtu huyo.

Kuhusu usajili wa mradi kwenye Bodi, bango, usajili wa eneo la kazi OSHA na rejista ya ajali chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, sina la kuongeza. Mnayajua na mengi mnayatimiza.

Picha za WhatsApp zinasaidia, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini utaulizwa ilivyotunzwa na kama haikubadilishwa, na picha iliyopita kwenye makundi matatu ikabaki kwenye simu ya fomani aliyeacha kazi haina majibu ya maswali hayo. Hifadhini faili ya asili.

Lipo jambo moja ambalo sina uhakika nalo hata baada ya miaka yote hii, nalo ni kuandika makosa yetu wenyewe. Nondo zikipangwa vibaya asubuhi zikarekebishwa mchana kabla ya zege, mimi nasema iandikwe, kwa kuwa ukurasa unaoonyesha kosa na marekebisho yake unaaminika kuliko mwezi mzima usio na dosari. Lakini nimeona mistari ya aina hiyo ikitumika kuchelewesha malipo ya mkandarasi mdogo ambaye hakuwa na mtaji wa kusubiri, na siwezi kumwahidi kwamba uaminifu wake hautamgharimu.

Mradi ukikabidhiwa, msiyaache madaftari stoo. Kumbukumbu za ajira na za kodi hutunzwa miaka 5, na dai la mkataba linaweza kufunguliwa mahakamani hadi miaka 6. Nunueni daftari lenye kaboni na kurasa zenye namba: nakala ya juu iende kwa mhandisi jioni hiyo hiyo, ya pili ofisini kila Jumamosi, na ya tatu ibaki saiti mpaka siku ya makabidhiano.