Si baruti inayokula mtutu
Barazani huku Unguja bado utasikia kwamba baruti ya zamani ndiyo iliyotia kutu mitutu ya Lee-Enfield, bunduki za askari wa Kiingereza. Sivyo. Mla chuma ni fataki, kile kidude kidogo kitakoni mwa ganda la risasi kinachowasha baruti. Fataki nyingi za kijeshi za Vita Kuu ya Pili zilikuwa na kemikali iitwayo potasiamu klorati. Ikiungua huacha potasiamu kloridi, chumvi ndugu ya hii ya mezani, nayo hunyonya unyevu, chuma kikashika kutu. Na kwetu unyevu haukosekani: tazama bawaba za madirisha ya Forodhani zinavyobanduka magamba mekundu.

Kinachoniuma ni watu kupaka mtutu mafuta tu. Mafuta hayayeyushi chumvi, huifunika. Maji ya moto ndiyo huitoa. Kausha vizuri, ndipo upake mafuta. Ganda lililojazwa upya kwa fataki za kisasa haliachi chumvi hiyo.