Je, wajua kwa nini chati ya namba hupangwa kumi kumi?

Mwambie mtoto anayeanza shule ahesabu kuanzia ishirini na tano. Atakwenda vizuri kabisa: ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa, halafu, bila wasiwasi wowote, "ishirini na kumi!" Mwalimu wa darasa la kwanza anaijua sana hiyo. Na tusiharakishe kumcheka, maana mtoto ameshika kanuni na kuifuata kwa uaminifu. Hajajua tu inakomea wapi.

Kiswahili chenyewe kinamsaidia na kumwacha njiani. Ukishapita kumi, majina yanajieleza: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Ila majina ya makumi tumeyapata kutoka Kiarabu. Katika sitini unaisikia sita, katika sabini saba, katika tisini tisa, kwa kuwa hata hizo sita, saba na tisa zimetoka hukohuko. Lakini ndani ya ishirini husikii mbili. Thelathini haina tatu, arobaini haina nne, hamsini haina tano, themanini haina nane. Sikio peke yake halitamfunulia mtoto kwamba thelathini ni makumi matatu, kwa hiyo inabidi jicho lisaidie. Kazi hiyo hufanywa na chati ya 1 hadi 100 iliyobandikwa ukutani, safumlalo kumi kwa safuwima kumi.

Kwa nini kumi, na si nane au kumi na mbili? Kwa sababu namba zetu huandikwa kwa makumi: kila nafasi ina thamani mara kumi ya nafasi iliyo kulia kwake. Mstari ukibeba namba kumi, kushuka mraba mmoja ni kuongeza 10. Weka kidole kwenye 34 ushuke nacho: 44, 54, 64, 74. Ile 4 ya mamoja haisogei, na tarakimu ya makumi inapanda moja moja. Sasa fanya hivyo kwenye kalenda, yenye siku saba kwa mstari. Chini ya 4 kuna 11, kisha 18, kisha 25. Tarakimu zinarukaruka, na mtoto haoni makumi yoyote pale.

Mpangilio huo ukishaeleweka, kujumlisha kunakuwa safari fupi. 34 + 23: shuka miraba miwili ufike 54, nenda kulia mitatu, 57. Kuongeza 9 ni kushuka mmoja na kurudi kushoto mmoja. Ndiyo maana vigawe vya 9 vinateremka mshazari, 9, 18, 27, 36, hadi 81 ukingoni kushoto, halafu 90 inaibukia ukingo wa kulia. Kila hatua makumi yanapanda moja na mamoja yanashuka moja, na hapo mtoto anaona kwa macho yake kwa nini tarakimu za 18, 27 au 63 zikijumlishwa zinaleta tisa.

Lakini chati haifundishi kwa kubandikwa tu, na hili naona linasahaulika mno. Mtoto akiulizwa 34 + 10, akagusa miraba kumi mmoja mmoja hadi 44, jibu ni sahihi na hajajifunza kitu kuhusu makumi. Muulize amefikaje. Watafiti Elida Laski na Robert Siegler walionyesha mwaka 2014 kwamba hata namna ya kuhesabu miraba ina uzito. Katika mchezo wa ubao wenye namba za hadi 100, watoto waliosogeza kete huku wakitaja namba za mraba wenyewe walijifunza zaidi kuliko waliohesabu "moja, mbili" kila zamu. Yaani aliye kwenye 47 akipata hatua tatu, aseme "arobaini na nane, arobaini na tisa, hamsini."

Chati ina kasoro yake pia. Mwisho wa mstari namba zinakatika: 40 iko kulia kabisa na 41 iko kushoto kabisa, kana kwamba ni mbali. Dawa yake ni mkasi. Kata chati ya karatasi ya manila iwe vipande kumi virefu, viunganishe kwa gundi kuwa utepe mmoja, utandaze sakafuni watoto watembee juu yake. Baadaye virudishwe kimoja chini ya kingine, nao wataelewa chati imetoka wapi. Walimu wengine huanzia 0 na kuishia 99, ili 30 ikae mwanzoni mwa mstari wa thelathini pamoja na wenzake wote hadi 39. Kwa yule mtoto wa "ishirini na kumi", mimi ningeichagua hii.

Watoto wakishakua kidogo, chati hiyohiyo inawafungulia mchezo wa zaidi ya miaka 2,000, unaohusishwa na Eratosthenes, mtaalamu aliyesimamia maktaba ya Alexandria. Futa 1. Bakiza 2, ufute vigawe vyake vingine vyote: safuwima nne zinatoweka nzima, na ya tano inabaki na 2 peke yake juu. Fanya vivyo hivyo kwa 3, kwa 5, kwa 7. Huna haja ya kuendelea na 11, kwa sababu 11 mara 11 ni 121, nje ya chati, na vigawe vyake vidogo vimeshafutwa. Hesabu miraba iliyosalimika: iko 25, na yote ni namba tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 zisizogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe.