Yanayosemwa Tanga kuhusu mbwa wakubwa, na yaliyo kweli

Ukipita Raskazone au Sahare jioni jua linapopoa, nyuma ya baadhi ya mageti utawaona mbwa ambao mtaani hawajazoeleka: Boerboel wa Afrika Kusini, na Great Dane ambaye mgongo wake unamkaribia mtu kiunoni. Dume aliyekomaa huwa na kilo 60 hadi 90. Wengi wetu tumekulia na mbwa koko anayejitafutia riziki, kwa hiyo tukimwona huyu tunampima kwa macho: mwili mkubwa, basi ana nguvu nyingi, anavumilia mengi, anakula sana. Karibu kila kosa ninalolikuta katika ufugaji wa mbwa hawa limezaliwa na hesabu hiyo.

"Ana mifupa mikubwa, mwongezee chokaa"

Naanza na hili kwa sababu linaharibu watoto wa mbwa wengi, tena kwa mapenzi. Mikanjuni nilionyeshwa Boerboel wa miezi mitano, mnene, manyoya yanang'aa, lakini vifundo vya miguu ya mbele vimevimba na nyayo zimegeukia nje, moja huku, moja kule. Mwenye nyumba, mzee mstaafu, alikuwa na mfuko wa DCP, unga wa kalsiamu na fosforasi, kutoka duka la dawa za mifugo, ile ile wanayopewa kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa. Kila jioni alimimina vijiko viwili juu ya ugali wa dona na dagaa.

"Mwanangu, huyu ni ghorofa," akaniambia. "Ghorofa halisimami bila zege."

"Sawa mzee wangu, lakini huyu hajui kulikataa zege likizidi."

Ndivyo ilivyo. Mbwa mzima akipewa kalsiamu nyingi, utumbo wake hupunguza kiasi unachonyonya. Mtoto wa chini ya miezi sita hivi hawezi kujizuia namna hiyo. Kinachoingia kinaendelea kunyonywa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walilionyesha jambo hili miaka ya 1980, tena kwa watoto wa Great Dane: waliozidishiwa kalsiamu walipata kasoro za mifupa na gegedu, ile sehemu laini ya mifupa. Kabla yao, mwaka 1974, wenzao wa Cornell, Marekani, walikuwa wameonyesha kwamba Great Dane walioachiwa wale watakavyo walikua haraka na kupata maradhi ya mifupa zaidi kuliko waliopimiwa. Kwa hiyo hata chakula kizuri kikizidi kinadhuru. Mtoto huyu huzaliwa na takriban nusu kilo, na akitimiza mwaka anaweza kuwa na kilo 50. Kasi hiyo haihitaji kusukumwa na mtu.

Lakini usikimbilie upande wa pili. Ukiondoa DCP ukabaki na ugali na utumbo wa ng'ombe peke yake, kalsiamu itapungua mno na mifupa italegea. Kilicho salama ni chakula kilichotengenezwa mahsusi kwa watoto wa mbwa wakubwa, bila nyongeza yoyote. Asiyekimudu akae na daktari wa mifugo wapige hesabu ya kile kinachoingia sufuriani, maana dagaa wazima wanaoliwa na miiba yao tayari wana kalsiamu. Nyumbani kipimo ni kiganja na macho: ukipapasa ubavuni uzihisi mbavu bila kukandamiza, ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Majirani watasema humshibishi. Waache waseme. Mzee wa Mikanjuni aliacha DCP, na miguu ya mbwa wake imenyooka kiasi, ingawa si yote.

"Mbwa huyu anakula kuliko watu wa nyumbani"

Anakula, ndiyo, lakini mahitaji ya nguvu mwilini hayapandi sawia na kilo. Mbwa wa kilo 70 ana uzito mara kumi ya mbwa wa kilo 7, ila chakula anachohitaji ni kama mara tano na nusu tu. Anayemtilia mara kumi anamnenepesha, na kila kilo ya mafuta inabebwa na magoti yale yale. Nionavyo mimi, gharama kubwa ya mbwa hawa si chakula. Ni dawa, kwa sababu dawa hupimwa kwa uzito.

"Mkimbize na baiskeli angali mdogo, apate ubavu"

Tanga ni mji wa baiskeli, na kijana akipewa mbwa wa miezi saba jambo la kwanza analowaza ni kumfunga kamba na kuondoka naye barabarani hadi Mwambani. Mifupa mirefu hurefuka kutoka kwenye gegedu laini zilizo karibu na ncha zake, na kwa mbwa wakubwa kabisa gegedu hizo hufunga kati ya miezi 18 na 24. Kabla ya hapo, mbio za kulazimishwa juu ya lami na kurukishwa kutoka kwenye pikapu huumiza pahali ambapo jicho halioni. Mpeleke ufukweni maji yakiwa yamekupwa, umwachie acheze na asimame anapotaka mwenyewe. Kuhasi nako kusiharakishwe: homoni za uzazi zinachangia kufunga gegedu hizo, na madaktari wengi sasa hushauri mbwa jitu apite kwanza mwaka mmoja.

"Tumbo limejaa gesi tu, mpe mafuta ya kula"

Kwa ng'ombe aliyevimbiwa, mafuta ya kula ni huduma ya kwanza ya kweli, na wafugaji wa Pongwe wanaijua. Kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu ni kupoteza saa ambazo hana. Tumbo lake hujaa hewa kisha hujisokota. Njia ya kuingilia chakula na ya kutokea zote huziba, damu haipiti, na moyo unaanza kuelemewa. Great Dane ndiye anayeongoza kwa hatari hii. Dalili zake ukiziona mara moja huzisahau: hatulii, anazunguka, analala na kuinuka, anajikamua kutapika na hakitoki kitu ila povu, mate yanachuruzika, tumbo limekaza nyuma ya mbavu. Hapo usihangaike na soda, magadi wala maji ya dafu. Kinachomwokoa ni upasuaji ndani ya saa chache.

Na hapa ndipo jiografia yetu inapouma. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro. Mbwa aliyeanza kujikamua saa mbili usiku hapa mjini huwezi kumpitisha Segera na Chalinze ukategemea kufika naye akiwa hai. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla hujamleta Great Dane nyumbani ni hili: ni daktari gani wa karibu anayeweza kumpasua mbwa tumbo usiku, na simu yake anapokea? Kama jibu ni hakuna, chagua mbwa mwingine. Nasema hivyo bila kuona haya. Aliyekwisha kumpata aulizie upasuaji wa kushikiza tumbo kwenye ukuta wa ubavuni ili lisiweze kujisokota. Kwa jike hufanywa siku ile ile anapofungwa kizazi.

Mlo mmoja mkubwa wa jioni, ule wa "akale ashibe akalinde", unaongeza hatari. Gawa mara mbili au tatu kwa siku. Anayebugia, mwekee katikati ya bakuli jiwe kubwa asiloweza kulimeza, ale akilizunguka. Kuna pia wanaonunua kigoda cha kuinulia bakuli wakiamini kinazuia tumbo kujisokota. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kinyume chake: bakuli lililoinuliwa liliambatana na hatari zaidi. Liache chini.

"Joto la Tanga atalizoea"

Atazoea kiasi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, ila kidogo nyayoni. Hupoa kwa kuhema ulimi nje, maji yakikauka mdomoni na kooni. Mwezi wa Januari na Februari hewa yetu imejaa unyevu, na maji hayakauki upesi. Isitoshe, mwili mkubwa una ngozi kidogo kwa kila kilo, kwa hiyo joto hutoka polepole. Banda la mabati lisilo na mti juu yake ni adhabu. Mazoezi ni alfajiri au baada ya magharibi.

Akizidiwa na joto (anahema kwa kishindo, fizi nyekundu mno, anapepesuka), mwagie maji mwili mzima hapo hapo, endelea kummwagia na kumpepea, halafu ndiyo utafute gari. Kumfunika taulo bichi ukamwacha kunazuia joto lisitoke. Wenye mbwa wa manyoya marefu ya tabaka mbili, kama Saint Bernard, wasimnyoe wakidhani wanampunguzia. Manyoya yale yanamkinga pia na jua, na mara nyingine hayaoti tena vizuri. Mbwa wa milima ya Alps kuletwa mji wa pwani ni kumwonea, kusema kweli. Angalau aishi Lushoto, milimani kwenye baridi.

"Mlinzi mzuri ni yule asiyemjua mtu"

Kwa imani hii mtoto wa mbwa anachukuliwa kwa mama yake akiwa na wiki nne, anafungiwa bandani mchana kutwa asione watu, anafunguliwa usiku. Wapo wanaomtilia pilipili au bangi kwenye chakula awe mkali. Wanachopata ni mbwa aliyeumizwa tumbo na akili, anayemrukia yeyote: fundi, mtoto wa jirani aliyefuata mpira, hata mgonjwa anayerudishwa nyumbani usiku. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo ipo kwa wanaodhani kumtesa mnyama ni suala la mwenye mali tu.

Mtoto wa mbwa abaki na mama na ndugu zake hadi wiki ya nane. Ndugu ndio wanaomfundisha kung'ata bila kuumiza. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne akili yake iko wazi kupokea: bodaboda, kanzu, baibui, mwavuli, adhana, watoto wanaopiga kelele. Anayoyazoea wakati huo hatayaogopa ukubwani, na mbwa asiyeogopa ovyo ndiye anayetofautisha mgeni na mwizi. Samaki mkunje angali mbichi: kilo 10 unamfundisha asiruke watu kwa kumpa kipande cha dagaa anapokaa chini, kilo 80 utamfundisha na nini?

Jambo moja nalikuta kila mara. Amri zinafundishwa na baba mwenye nyumba siku ya Jumapili, lakini anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi. Yeye ndiye anayempa chakula, anayefungua geti, anayefagia uwanja. Mbwa asipomtii yule dada hajafundishwa bado, hata akimpigia saluti baba.

"Mwislamu hafugi mbwa"

Hapa pwani hili linasemwa kwa mkato kuliko fikihi yenyewe. Kwa madhehebu ya Shafi, tuliyo nayo wengi, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini hadithi zimewavua katika katazo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wamepimia hapo ulinzi wa nyumba. Kwa mfugaji maana yake ni utaratibu: bakuli lake peke yake, banda mbali na mahali pa kuswalia, nguo maalumu za kumhudumia. Kutogusa mate yake hakumzuii mtu kumpa maji safi, kivuli na chanjo. Masuala ya kina muulize shehe wako.

"Mkubwa kama huyu kupe hawamwezi"

Kupe mmoja mwenye vimelea anatosha. Homa ya kupe huanza kwa mbwa kukataa chakula, kupauka fizi na kutoka damu puani, na wengi hufika kwa daktari wamechelewa kwa sababu mwili mkubwa huficha kukonda. Ndorobo nayo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, si ya ng'ombe pekee. Mbwa aliyetembea porini upande wa Pangani au Saadani, akapata homa na jicho likafanya ukungu wa rangi ya samawati, apimwe damu. Tanga ndiko walikozalishwa mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi na kuachiwa Unguja miaka ya 1990, hadi kisiwa kikatangazwa kuwa huru mwaka 1997. Bara bado wapo.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mbwa, hata asiyetoka getini. Mbwa mwenye kichaa hupitisha mdomo kwenye nondo za geti.

"Mbwa mzima wa watu hakuzoei"

Tanga, waja leo waondoka leo, na wanaoondoka huacha mbwa. Mkataba wa mtaalamu wa kigeni ukiisha, au meneja wa shamba akihamishwa, Boerboel wa miaka mitatu anatafutiwa pa kwenda. Watu humwogopa, wanamtaka mdogo. Mimi ningemchukua mzima: mifupa yake imekwisha kufunga, tabia unaiona kabla hujamchukua, na wengi hutulia wakipewa wiki chache za ratiba isiyobadilika na mtu mmoja wa kuwalisha.

Ila ujue umri. Great Dane kwa kawaida huishi miaka 7 hadi 10. Zeus wa Michigan, aliyeandikwa na Guinness kuwa mbwa mrefu kuliko wote, sentimita 111.8 begani, alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka mitano. Anayekwambia "huyu ana miaka sita tu, bado kijana" anakupa mzee, na huenda moyo wake umeanza kutanuka; msikilizishe kwa daktari kwanza. Uliza kama wazazi au ndugu zake waliwahi kujisokota tumbo, kwa maana hatari hiyo hufuata ukoo. Omba kadi ya chanjo na umwone akila, akishikwa masikio, na akipita mtu asiyemjua.

Kisha mpime. Dawa za minyoo, za kupe na za usingizi zote zinahesabiwa kwa kilo, na kwa mbwa wa namna hii jicho hukosea kwa kilo 15 bila shida. Kama daktari hana mizani kubwa, ile ya chini ya wauza nafaka wanayopimia magunia inatosha. Mbwa anayejua "kaa" atakaa juu yake. Andika kilo na tarehe kwenye kadi ile ile ya chanjo.